Tahadhari: Butura ya Mishahara ya Walimu

Kijana uliyepata ajira ya ualimu na kupangiwa Karagwe au Kyerwa, nawe mzazi wa Bugene ambaye mwanao anajaza maombi ya mkopo ili akasomee ualimu, someni haya kabla mshahara wa mwezi huu haujaingia. Kuna biashara inayowangoja mlangoni. Haina bango wala risiti, na bidhaa yake ni kadi ya benki ya mwalimu.

Watu wa huku hatuhitaji kufundishwa jinsi inavyokwenda, maana tunaijua kwa kahawa. Mkulima anabanwa na ada au msiba wakati mibuni ingali maua. Mnunuzi anakuja shambani, anahesabu miti, anatoa hela kidogo, na msimu ukifika mavuno ni yake. Hiyo ndiyo butura. Imepigwa marufuku Kagera mara nyingi, viongozi wa taifa wameikemea majukwaani, na bado haijaisha, kwa sababu shida haingoji msimu. Sasa butura imeingia kwenye mishahara ya walimu, na huko hakuna diwani anayeizungumzia wala gari la matangazo linalopita.

Inafanyika hivi. Mwalimu anakopa laki tatu, anaacha kadi na namba ya siri. Hakuna mkataba wa maana, labda karatasi ya daftari yenye sahihi yake tu, kiasi kimeachwa wazi. Mwisho wa mwezi mkopeshaji anamtangulia kwenye mashine ya kutolea fedha, anakata chake, kilichobaki anakituma kwa simu baada ya kuondoa na gharama ya kutuma. Simama kwenye foleni ya mashine siku ya mshahara katika mji wowote wa wilaya nchini, na mji wetu wa Kayanga si kisiwa, utamwona mtu wa aina hiyo: kadi sita au saba zimefungwa kwa mpira, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye jina na tarakimu nne. Anaingiza moja, anatoa noti, anaingiza nyingine. Foleni inanung'unika nyuma yake, mwenyewe hana haraka.

Mikopo hii imeshapewa jina mtaani, kausha damu, na wanaoilaani ni wengi. Lakini karibu wote wanaanza hadithi mlangoni kwa mkopeshaji. Mimi nadai inaanza mapema zaidi, siku kijana wa miaka 19 au 20 anaposaini mkopo wa elimu ya juu bila mtu kumkalisha chini na kumwambia deni hilo litamkutaje kazini. Mkopo wa serikali unamvuta kijana kwenye ualimu. Ukishamfikisha darasani unamwacha hapo, mshahara umepungua, hajapewa sababu yoyote ya kubaki. Upenyo huo ndio mwenye mpira na kadi anaoufanyia kazi.

Sina ugomvi na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ilianzishwa kwa Sheria Namba 9 ya 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na bila hiyo mtoto wa mkulima wa ndizi na maharage wa Ihanda au Nyaishozi angesikia habari za chuo cha Mlimani redioni tu. Wakati huohuo serikali ilikuwa inajenga sekondari za kata kwa kasi chini ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, na shule hizo zilihitaji walimu ambao hawakuwepo. Ndiyo maana mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata vyuo vishiriki viwili vya elimu, Mkwawa pale Iringa na DUCE pale Chang'ombe. Mkopo, chuo na shule ya kata vilikuwa mpango mmoja, hata kama haukuandikwa hivyo popote. Kijana aliyechagua ualimu, hasa wa sayansi na hisabati, alihesabiwa katika vipaumbele vya mkopo. Akimaliza, alingoja orodha ya ajira ya TAMISEMI. Jina likitoka, anafunga begi, anapanda basi. Usaili haukuwepo. Deni lilikuwa na pa kukatwa kwa sababu mshahara ulikuwa na uhakika.

Utaratibu huo ulikatika baada ya 2015. Ulikuja uhakiki wa watumishi hewa, ukafuata uhakiki wa vyeti, ambao Aprili 2017 uliibua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na ajira zikasimama. Ziliporudi zilirudi kwa kudondoka: nafasi 13,130 za walimu zilitangazwa 2023, na mwanzoni mwa 2025 walimu zaidi ya 200,000 waliitwa kushindania nafasi 14,648, safari hii kwa usaili wa kuandika na wa ana kwa ana. Wanaoachwa nje ya idadi hiyo si wavivu. Ni watu wenye shahada, wengi wao wana deni la Bodi, na wengine wako hapa hapa Omurushaka wanaendesha bodaboda au wanafundisha shule binafsi kwa mshahara ambao nisingependa kuutaja mbele ya watoto wao.

Ajira zilisimama, deni halikusimama. Mkopaji hutakiwa kuanza kurejesha miezi 24 baada ya kuhitimu, ana ajira hana. Aliye nje ya ajira rasmi anadaiwa asilimia 10 ya kipato chake, na isipungue 100,000 kwa mwezi. Laki moja ya mwezi kwa mtu anayefundisha masomo ya ziada chini ya mwembe! Hapo ndipo wengi huamua kujificha, wakibadili namba za simu, wakiomba Mungu Bodi iwasahau. Bodi haisahau. Inadai hata mikopo iliyotolewa na wizara tangu 1994/95, kabla yenyewe haijazaliwa.

Kuna uvumi unaozunguka, na ni hatari kwa sababu una chembe ya ukweli ndani yake. Wapo wanaosema Mama alishafuta mikopo. Alichotangaza Rais Samia siku ya Mei Mosi 2021 mjini Mwanza ni kufuta tozo ya kulinda thamani ya fedha, ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka, na ikafutwa pia faini ya asilimia 10 kwa wanaochelewa kulipa. Ilikuwa nafuu kubwa, kwa sababu walimu kadhaa walikuwa wanakatwa miaka na miaka huku salio linapanda badala ya kushuka. Lakini deni lenyewe, ulichokula, ulicholipiwa ada, liko palepale. Anayekuambia limefutwa muulize kama naye alikopa.

Watu wa elimu wanapenda kusema kwamba sasa tumejifunza, mambo yamepangwa vizuri. Nina mfano mmoja unaonifanya nisite. Mwaka 2014 serikali ilianzisha katika Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA, ikachukua vijana waliomaliza kidato cha nne, ikawapa mkopo wa Bodi, kwa nia njema kabisa ya kuziba pengo la walimu wa Fizikia na Hesabu. Tarehe 28 Mei 2016 vijana zaidi ya 7,000 wakaamriwa kuondoka chuoni, baada ya masomo kusimama kwa mgogoro wa wahadhiri kuhusu malipo ya kufundisha programu hiyo. Wengine walionekana stendi na masanduku, hawana nauli. Baada ya majuma kadhaa serikali ikatoa uamuzi: wachache warudi UDOM, wengi wapelekwe vyuo vya ualimu vya serikali, na wengine wakaambiwa hawana sifa zinazotakiwa. Unaweza kubishana juu ya nani alikosea. Usichoweza kubisha ni kwamba aliyekopeshwa ili awe mwalimu ndiye aliyebeba hasara ya mpango uliovunjika. Mpango ulikuwa wa serikali, sahihi kwenye deni ilikuwa yake.

Tangu 2023/24 Bodi imeanza tena kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, ualimu wa sayansi ukiwemo. Naliunga mkono jambo hilo. Ila mtoto wako akitaka kwenda, yale ya UDOM ayajue.

Sasa tufungue slipu ya mshahara, maana hapo ndipo maneno yanakwisha. Chukua 716,000, kianzio cha mwalimu wa shahada kabla ya nyongeza ya Julai 2022. Viwango vimepanda tangu hapo, lakini hesabu inakwenda njia ileile. Mfuko wa pensheni PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 35,800. Bima ya afya asilimia 3, 21,480. Chama cha Walimu asilimia 2, 14,320. Kodi ya mapato, kwa viwango vya Julai 2021, 52,040. Kisha Bodi: asilimia 15, sawa na 107,400. Kinachofika mkononi ni 484,960. Tazama kwamba makato ya Bodi peke yake ni zaidi ya mara mbili ya kodi. Na haikuwa hivyo tangu zamani: hadi sheria iliporekebishwa 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Walimu waliokuwa wameshapanga maisha kwa asilimia 8, wamechukua na mkopo wa benki wa kuezekea nyumba, waliamka na kukuta 15.

Sheria inataka mtumishi asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na kwa mfano wetu theluthi hiyo ni kama 238,700. Benki na SACCOS zinauheshimu mpaka huo kwa sababu makato yao yanapita kwa mwajiri na mfumo unayakataa. Mkopeshaji wa kadi hana mfumo. Yeye anakula hata ile theluthi ambayo sheria ilimwekea mwalimu ya unga na sabuni. Ndiyo maana anapendelea walimu kuliko wafanyabiashara wa ndizi: mfanyabiashara anaweza kupata hasara akakimbia, mshahara wa serikali unaingia tu.

Mwezi mbaya kuliko yote ni wa kwanza. Mwajiriwa mpya anaripoti kwa mkurugenzi na vyeti halisi, taarifa zake zinaingizwa kwenye mfumo, anangoja cheki namba, anangoja jina lake liingie kwenye orodha ya malipo. Posho ya kujikimu anayostahili akifika inaweza kuja mapema, inaweza kuja akiwa ameshakuwa mwenyeji. Wakati huo amepanga chumba Nkwenda au Kaisho, hana godoro, hana jiko, na hamjui mtu. Kumbuka anatoka kwenye miaka mitatu ya boom, ile hela ya mkopo ya chuoni. Sh 10,000 kwa siku ya chakula na malazi (ilikuwa 8,500 hadi 2022/23) inakuja kwa mkupuo, inaisha kabla ya awamu nyingine, na katikati kijana anajifunza kuishi kwa kukopa kibanda cha chipsi. Ameshafuzu somo la kukopa kabla ya kufuzu ualimu. Basi mwalimu mwenzake, tena mkubwa, tena kwa huruma kabisa, anamwambia: mdogo wangu, usihangaike, kuna mzee mjini anasaidia walimu.

Huyo mzee ndiye ninayewatahadharisha naye. Akikukopesha 300,000 kwa asilimia 30 kwa mwezi, riba peke yake ni 90,000. Ukilipa 90,000 mwezi wa kwanza, bado unadaiwa 300,000. Ukilipa hivyo mwaka mzima umetoa 1,080,000 na deni halijapungua hata shilingi. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo uleule ni 10,500. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu anayefanya biashara ya kukopesha, hata awe mmoja na meza moja, anatakiwa kuwa na leseni. Na kadi hiyo unayoiacha kwake, kwa masharti uliyosaini ulipofungua akaunti, ni mali ya benki, na namba ya siri hupaswi kumpa hata mumeo. Ukiibiwa baada ya kuitoa, benki itakuuliza swali moja tu.

Wapo pia wa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali. Hao hawachukui kadi. Wanachukua orodha ya majina kwenye simu yako, na ukichelewa siku mbili wanamtumia ujumbe mkuu wako wa shule, mama mkwe wako, na mzazi wa mwanafunzi wako, kwamba wewe ni tapeli. Programu 69 zilizofungwa hazikuwa za mwisho duniani.

Nimesema na walimu, lakini madhara hayaishii kwao, na hili liwafikie wazazi wa Murongo, Bugomora na Businde. Mwalimu ambaye kadi yake iko mjini hana mwisho wa mwezi kama watu wengine. Alhamisi anaaga kwamba anafuata matibabu. Ijumaa yuko kwenye ngazi za duka la mkopeshaji anabembeleza aachiwe elfu hamsini. Anarudi Jumapili usiku. Kidato cha pili hawajaona Hisabati siku mbili, na kama ndiye mwalimu pekee wa somo hilo, hakuna wa kushika kipindi. Miezi ikienda, safari zinarefuka. Utoro kazini ndilo kosa linaloongoza katika mashauri ya nidhamu yanayofikishwa Tume ya Utumishi wa Walimu, na katika faili imeandikwa utoro, haikuandikwa kadi. Mwisho wake ni kufukuzwa, au kuhama kwa kila mbinu. Shule ya mbali inabaki na ubao uliofutwa.

Na hapa nawageukia wenye mamlaka, kwa sababu kuwaambia walimu wasikope ni rahisi mno. Huu mkopo wa Bodi unaita watu kwenye ualimu. Hauna kitu hata kimoja cha kuwabakisha. Mwalimu wa Ilala ambaye anashuka daladala mbele ya geti la shule anakatwa asilimia 15. Mwalimu wa Bugomora anakatwa asilimia 15 ileile. Tangu 2016 walimu wakuu wa shule za msingi wana posho ya madaraka ya 200,000, wakuu wa sekondari na waratibu elimu kata 250,000, na hilo ni zuri, lakini mwalimu wa darasani wa pembezoni hana chochote kinachomtofautisha na wa mjini zaidi ya vumbi. Chama cha Walimu kimedai posho ya kufundishia miaka nenda rudi. Dawa iliyo karibu zaidi naiona kwenye deni hilohilo: kila mwaka ambao mwalimu amefundisha katika shule iliyotajwa kuwa ya mazingira magumu, sehemu ya deni lake ifutwe, na makato yake yapungue wakati yuko huko. Serikali haitoi fedha mpya, inasamehe fedha yake yenyewe, na mtoto wa Businde anampata mwalimu kwa miaka mitano mfululizo.

Jambo hili si geni. Marekani, baada ya Warusi kurusha setilaiti ya Sputnik 1957, ilipitisha sheria mwaka uliofuata iliyoruhusu mkopaji atakayekuwa mwalimu wa shule ya umma kusamehewa asilimia 10 ya deni kwa kila mwaka wa kufundisha, hadi nusu ya deni lote. Ila nao wana kisa ambacho atakayenakili wazo hili lazima akijue. Mwaka 2007 walianzisha ruzuku iitwayo TEACH, hadi dola 4,000 kwa mwaka, kwa anayekubali kufundisha somo lenye uhaba katika shule za maskini miaka minne ndani ya minane. Sharti lilikuwa kutuma fomu kila mwaka kuthibitisha. Fomu ikichelewa, au ikakosa sahihi au tarehe, ruzuku iligeuzwa mkopo pamoja na riba ya kurudi nyuma. Maelfu ya walimu waliokuwa darasani, wanafanya kile walichoahidi, walijikuta na madeni, hadi waandishi wa habari walipolianika jambo hilo 2018 ndipo serikali ikaanza kurekebisha. Kwa hiyo, waheshimiwa, mkija na msamaha wa deni kwa walimu wa pembezoni, msiutundike kwenye fomu ambayo mwalimu wa Rutunguru atatakiwa kuipeleka halmashauri, kisha Bukoba, kisha Dar es Salaam. Mwajiri ni serikali, mkopeshaji ni serikali, anayejua mwalimu yuko kituo gani ni serikali. Mifumo isomane yenyewe.

Hayo ya serikali kuu huko Dodoma yatachukua muda. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zina la kufanya kabla ya kundi lijalo la waajiriwa halijashuka kwenye basi: walipeni posho ya kujikimu wakifika. Si baada ya robo mwaka. Kila juma la kuchelewa ni mteja mmoja zaidi kwa yule mkopeshaji wa kadi. Siku ya kuwapokea, katikati ya hotuba za maadili na mavazi, afisa utumishi achukue nusu saa afungue slipu ubaoni na kuonyesha kila makato. Na SACCOS ya walimu, kama ipo hai, ipewe nafasi ya kuzungumza siku hiyohiyo badala ya kuwangoja waizoee wilaya. Waratibu elimu kata, nanyi mnawajua walimu ambao hawana kadi zao. Mnawajua kwa majina.

Mzazi unayejaza maombi sasa, dirisha la mkopo kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti au Septemba ikiongezwa, na ni wakati huo wajanja huibuka. Ada ya maombi ni 30,000 na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, haipitii mfukoni mwa mtu. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema. Mkijaza steshenari, hakikisha namba ya simu na nywila iliyowekwa ni ya mwanao, kwa sababu nimesikia vijana waliohangaika kuingia kwenye akaunti zao wenyewe wakati wenye steshenari wameshahama. Anayejigamba ana mtu wa ndani atakayepandisha kiwango cha mkopo, mwache aende na mtu wake. Mdhamini naye aelezwe anadhamini nini, maana wajomba wengi wameweka sahihi kama wanaandika kitabu cha rambirambi.

Halafu mwambie mwanao ukweli kuhusu somo. Usimwambie ualimu una uhakika, kwa sababu uhakika huo ulikwisha. Kama moyo wake uko kwenye Historia au Kiswahili na asome, masomo hayo yanahitaji watu wazuri, lakini aende akijua nafasi zinazotangazwa ni chache mno kwa idadi ya wanaozitaka. Kama Fizikia anaiweza, mlango ni mpana zaidi. Asichague ualimu kwa sababu mkopo wake unapatikana. Sababu hiyo inakwisha siku ya mahafali na deni linabaki.

Aliyeajiriwa tayari, usingoje Bodi ikutafute. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa ya mhitimu aliyemwajiri ndani ya siku 28. Ulizia kama imetolewa, uombe taarifa ya deni lako, ulinganishe na ulichosaini chuoni. Ukimaliza kulipa omba barua ya kumaliza, kwa sababu makato yana tabia ya kuendelea mwezi mmoja au miwili yakiwa yameshapoteza sababu. Ukibanwa kabisa, anza na SACCOS, kisha benki, na kwa mkopeshaji binafsi ulizia leseni ya Benki Kuu na mkataba ulioandikwa riba kwa tarakimu. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Na kama kadi yako iko kwake tayari, usiende kuidai. Nenda benki na kitambulisho chako cha NIDA, waambie kadi haiko mikononi mwako, wakuzimie hiyo na wakupe mpya yenye namba nyingine ya siri. Hujadhulumu mtu kwa kufanya hivyo. Deni unalodaiwa bado unalo. Toka hapo uende kwa mtendaji wa kata ukiwa na shahidi mmoja, uandikishe ulikopa kiasi gani, umeshatoa kiasi gani, na unachoweza kulipa kila mwezi kwa risiti. Mkopeshaji akitishia, andikisha na vitisho, upeleke polisi. Wengi wao wakiona karatasi yenye mhuri hushusha sauti, kwa sababu biashara yao haina leseni na wanalijua hilo kuliko wewe. Mishahara ya serikali huingia kuanzia tarehe ishirini na kitu. Kafanye hivyo kabla ya hapo.